Lengo la Tano kwenye Chai ya Mama

Malengo yalikuwa manane, na mimi niliyajua yote kabla sijajua mlango wa choo uko upande gani.

Ndivyo shule yetu ilivyokuwa. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya walimu wake bado wako hai na mikono yao haijazeeka. Ilikuwa upande wa Kedowa, wavulana watupu, ukungu asubuhi, githeri mchana, ukungu tena jioni. Mwaka huo wa tisini na tano mwalimu mkuu wetu, Bwana Nyaberi, alirudi kutoka semina na karatasi moja, na karatasi hiyo ikatutawala kuliko yeye mwenyewe. Iliandikwa malengo ya masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Aliyapiga chapa akayabandika bwenini, maktabani, jikoni, na pale kwenye mfereji wa kunawia uso, ili mtu akifumbua macho yenye sabuni akutane na elimu. Kila asubuhi kwenye paredi alisimama mbele yetu na koti lake la kijivu akapaza sauti, "Lengo la kwanza!" Nasi tukajibu kwa pamoja kama watu wanaoungama dhambi.

Siku hizi mengine yamenitoka, lakini la nne nalikumbuka: kijana afahamu kuwa kazi ya mikono si adhabu. Hilo tulilikariri tukiwa tumeinama na slasha, tukikata nyasi kwa sababu ya kuchelewa paredi. Na la tano silisahau, maana ndilo lililoniponza. Kijana akichukue alichojifunza, akifikishe nyumbani, kiwafae watu wake.

Bwana Nyaberi hakuwa mtu wa kuacha lengo likae ukutani kama kalenda ya duka. Muhula wa tatu ulipokuwa unaisha, alitangaza kwamba kila mvulana wa kidato cha kwanza ataondoka na lengo la tano. Achague somo moja, afanye jambo moja nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, na Januari asimame mbele ya darasa aeleze. Asiye na la kueleza hataingia kidato cha pili mpaka mzazi aje.

Wenzangu walichagua vitu vya watu wenye akili. Amolo, tuliyekaa naye dawati moja, alisema atajenga kibanda cha sungura. Mwingine alisema atamfundisha nyanyake kuandika jina. Mimi nikachagua kupogoa chai.

Hapo lazima nieleze kitu, hata kama kinaniaibisha.

Mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa Bwana Mosoti, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa buti za mpira hata siku ya Jumapili. Siku ya somo hilo alituambia kwamba shina la chai likichumwa miaka mitatu, minne, linapanda juu, linaota vifundo, majani yanakuwa machache na magumu. Kwa hiyo unalikata. Unalirudisha chini, karibu na magoti, nalo linaanza ujana upya.

Nikamnong'oneza Amolo. Lakini Mungu hakunipa sauti ya kunong'oneza, darasa zima likasikia: "Basi tuanze na mwalimu mkuu."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Kuna mtu aliyelia machozi kabisa. Bwana Mosoti hakucheka. Alingoja kimya kirudi, akasema, "Kipkurui, toka nje. Slasha iko stoo."

Nusu ya pili ya somo hilo niliisikia nikiwa uwanjani, yaani sikuisikia. Jioni nikaomba daftari la Amolo ninakili. Lilikuwa na kichwa cha somo, mistari minne, na picha ya mwalimu mkuu amekatwa hadi magotini. Nikanakili mistari minne. Mtihani ulipokuja uliuliza faida za kupogoa chai. Nikapata tisa kwa kumi. Namna ya kupogoa haukuuliza.

Basi nikaenda nyumbani nikiwa na maksi tisa kichwani na hakuna kitu kingine.

Kwetu ni chini ya Kimulot, mahali ambapo msitu wa Mau unakupumulia baridi mgongoni. Mama yangu, Rebeccah, alikuwa na mashina zaidi ya mia nne kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Aliyapanda mwenyewe mwaka wa tatu wa ndoa, akiibeba miche kwa kikapu, mimi nikiwa tumboni. Kila alipotaka kunigombeza alinikumbusha kwamba nilianza kulemea watu mapema.

Baba yangu, Joab, alikuwa mtu wa ng'ombe. Alinunua na kuuza kwenye soko la Siongiroi, na nyumbani alifika mara moja kwa mwezi. Kila akija alisimama juu ya mteremko, mikono nyuma, akiitazama chai ya mama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye amekaa sana.

"Rebeccah, hapa ni pahali pa nyasi. Ng'ombe kumi wangeshiba hapa."

Mama alikuwa na jibu moja miaka yote. "Siku hii chai itakufa, leta ng'ombe. Lakini mpaka ikufe."

Baba alicheka, mama alicheka. Chai haifi. Mtoto mdogo wa Kimulot anajua hivyo. Unaichuma, inarudi. Mvua ya mawe inaipiga mpaka inabaki vijiti, inarudi.

Nilifika wiki ya kwanza ya Desemba. Mvua ilikuwa imekata ghafla, anga ikabaki bluu tupu. Mama aliniandalia chai ya maziwa na viazi, akakaa kunitazama nikila, akitabasamu kwa ajili ya ile sare tu, hata kabla sijasema neno. Nikamwambia habari ya lengo la tano. Nikamweleza vifundo, nikamweleza ujana upya.

"Hii chai ilikatwa mara moja tu," mama akasema. "Wewe ukiwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa hospitali na dadako Cherono, mchanga, nikarudi nikapata Mzee Mageto amemaliza." Akafikiri. "Si tumuite tena?"

Mzee Mageto alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Alitoka Kisii akiwa kijana, akapogoa chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho miaka ishirini na sita, kisha akanunua kishamba kwetu. Alikuwa na kisu cha kupogolea kilichopinda kama mdomo wa kasuku, na kila Jumamosi alikinoa hata kama hakuna cha kukata.

Nikamwambia mama maneno ambayo ningelipa leo niyarudishe kinywani. "Mama, Mzee Mageto hajasoma. Yeye anakata tu. Hajui kwa nini anakata."

Mama aliitazama sare tena. "Sawa," akasema. "Kama ni ya shule, sawa."

Nikaenda kuazima kile kisu. Mzee Mageto hakuwapo, alikuwa amekwenda kwao Kisii kwa mazishi. Mkewe alinipa bila kuuliza, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi.

Siku nane nilikata. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikafunga vitambaa nikaendelea. Nilikata hadi magotini, shina baada ya shina, bila kubakiza hata jani moja. Mama alikuja nyuma yangu akikusanya matawi. Tulikuwa tumefurahi sana, na hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka zaidi hata sasa: mama akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, mimi nikimtania kwamba akizeeka na vifundo nitamkata hadi magotini, yeye akinirushia kijiti.

Rundo la matawi lilikuwa kubwa kuliko ghala la mahindi. Na kwa vile mama si mtu wa kukalia kitu, akawaita majirani. Hakuna kuni zinazowaka kama chai iliyokaushwa. Janeffer, mamake Cheptoo, alikuja na binti zake wawili wakabeba siku nzima. Dorcus, aliyekuwa mpishi wa kanisa, akaja na mkokoteni. Mteremko ukabaki safi kama uwanja wa shule siku ya wageni, vigogo mia nne na kitu vimesimama uchi, na jua la Desemba juu yao.

Mzee Mageto alirudi wiki iliyofuata. Nilimwona amesimama barabarani. Akavua kofia. Nikafikiri anasalimu.

"Nani amepita hapa?"

"Ni mimi, mzee. Ni lengo la tano."

"Lengo la Tano ni mtu wa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alishuka polepole, akachuchumaa kwenye safu ya kwanza, akaweka mgongo wa mkono kwenye shina, vile unavyompima mtoto joto.

"Pafu iko wapi?"

"Pafu gani, mzee?"

"Wee Kipkurui, unacheza na mimi? Kila shina unaacha tawi moja na majani yake. Moja tu. Hiyo ndiyo inapumua mpaka hizi zingine ziamke. Hiyo ndiyo pafu. Wewe umekata mpaka pua." Akaendelea kutazama huku na huku. "Na blanketi?"

Nikageuka kutazama upande wa nyumbani.

"Yale matawi uliyokata unalaza juu ya shina. Jua isipige mbao. Angalia." Akanionyesha gome lililoanza kupasuka upande wa magharibi, mistari myembamba ya kahawia. "Umeweka mtoto uchi kwa jua. Mwalimu hakusema hii?"

"Alisema," nikajibu. "Mimi nilikuwa nje."

Mwaka mzima sikuwahi kukosa utani wa kusema. Siku hiyo niliutafuta kila mahali mdomoni, sikuupata.

Mama alikuwa amefika nyuma yetu, mkono kwenye kinywa. "Mzee, zitakufa?"

"Zingine. Kama jua litaenda hivi mpaka mwezi wa tatu, nyingi." Mzee Mageto akavaa kofia. "Funikeni leo. Funikeni kesho. Matawi yenyewe mmeweka wapi?"

Mama aligeuka. Alitazama juu kilimani, ambako moshi mzuri mweupe ulikuwa ukipanda kutoka jikoni kwa Janeffer.

Sasa lazima uelewe desturi. Kwetu kitu kikishatoka mkononi mwako kikaingia kwa mtu, kimekwenda. Hata kuku uliyempa jirani akirudi mwenyewe jioni, unamkamata unampeleka. Kudai ulichotoa ni kusema hukukitoa kwa moyo, na neno hilo linaweza kukaa kati ya nyumba mbili mpaka wajukuu.

"Mimi siendi," mama akasema. "Mimi ndiye nilipeana. Wewe ndiye ulikata." Hakusema kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Kisha akaketi chini katikati ya mashina yake, sketi yake ikashika vumbi, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Babako atakuja Krismasi."

Nikapanda kilima.

Janeffer alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti inayovuka mto. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda na kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

"Kuni zenu ni mzuri, mwanafunzi. Zinawaka kama petroli. Mwambie mamako kongoi, asante sana."

"Nimekuja juu ya hizo kuni, Mama Cheptoo."

"Iko zingine?"

"Hapana. Nimekuja... kuzirudisha."

"Kuzirudisha wapi?"

"Kwa shamba. Nifunike mashina."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vidole vyangu. Kisha akageukia jikoni. "Cheptoo! Kuja hapa usikie maajabu! Huyu msomi anataka kurudisha matawi kwa chai. Kesho atakuja kuchukua hii mursik arudishe kwa ng'ombe!"

Cheptoo, aliyekuwa msichana wa rika langu na ambaye nilikuwa nimepanga kumwandikia barua, alicheka akashika mlango. Barua hiyo sikuiandika tena.

Nilieleza yote. Pafu, blanketi, slasha, mwalimu mkuu aliyekatwa magotini. Nilipofika kwa baba na ng'ombe wake kumi, Janeffer aliacha kucheka. Yeye na mama walikuwa wamechuma pamoja miaka zaidi ya kumi, kila mmoja na kikapu chake, wakisubiriana kwenye kituo cha kupimia majani.

"Mimi siwezi kurudisha zawadi," akasema. "Nikirudisha, nimemtukana mamako. Lakini naweza kubadilisha. Unaleta mzigo ya kuni ya msitu, unachukua mzigo ya chai. Mzigo kwa mzigo. Na unabeba kama sisi."

Kubeba kama wao maana yake ni kwa ukamba: kamba ya ngozi inapita kwenye paji la uso, kuni zinalala mgongoni, shingo inakwenda mbele kama ya kobe. Ni kazi ya wanawake. Sikuwahi kumwona mwanamume akiifanya kabla ya siku hiyo, na baada ya siku hiyo nimemwona mmoja tu, kwenye kioo, nikipima kovu la paji la uso.

Nilibeba mizigo kumi na tisa. Kutoka ukingo wa msitu hadi kwa Janeffer na kuni kavu, kutoka kwa Janeffer hadi mteremkoni na matawi ya chai. Wavulana wa kijiji waliketi kwenye daraja wakanisubiri kila nilipopita. "Mama Kipkurui ameolewa wapi?" "Shikamoo, mama!" "Mama, sekondari ni lini?" Kwa vile mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kutania watu, sikuwa na pa kushtaki. Mzigo wa saba niliwajibu kwamba nimeolewa na mwalimu mkuu, wakacheka mpaka mmoja akatumbukia mtoni. Alipotoka alikuja, akiwa amelowa, akanisaidia kubeba. Lakini mikononi. Ukamba alikataa.

Kwa Dorcus nilichelewa. Alinionyesha jiko la kanisa na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, hii majivu ndiyo hiyo kuni. Kama itasaidia, chukua." Kwa hiyo safu za chini, zile za karibu na mto, nilizifunika na nyasi nilizokata mwenyewe, na nyasi hazikutosha. Siku ya mkesha wa Krismasi zaidi ya mashina themanini yalikuwa bado wazi, na gome lake limepasuka kama kisigino.

Baba alikuja Krismasi na nyama. Kabla hajaingia nyumbani alisimama mahali pake juu ya mteremko, mikono nyuma.

"Imekufa?"

"Imelala," mama akasema.

"Nani alikata hivi?"

Nilifungua mdomo. Mama akatangulia. "Tulikata."

Baba alinitazama mimi, akaitazama ile alama nyekundu kwenye paji langu la uso, akaelewa kila kitu. "Itaamka lini?"

"Mvua ikija."

"Rebeccah, ulisema mwenyewe. Ikikufa, ng'ombe."

"Nilisema."

"Mvua ya kwanza, nakuja nao. Nikikuta kijani, narudi nao. Nikikuta kuni, nang'oa."

"Kuja," mama akasema. Kisha akaingia jikoni kuipika nyama, na siku nzima hakuimba.

Januari nikarudi shule. Bwana Mosoti aliketi nyuma ya darasa, miguu mirefu ndani ya buti, nasi tukasimama mmoja mmoja. Amolo alieleza kibanda chake cha sungura. Sungura walikuwa sita. Kisha ikawa zamu yangu.

Ningeweza kudanganya. Nani angepanda hadi Kimulot kuhesabu vigogo? Usiku uliotangulia nilikuwa nimeutunga uongo mzuri sana, wenye majani mabichi na mama anayecheka. Lakini niliposimama nikamwona Bwana Mosoti amekunja mikono, nikaona kwamba nikisema chai imeamka, nitakuwa nimeiua kabisa. Nikasema kweli. Nilisema kwa namna yangu, pamoja na Lengo la Tano mtu wa wapi na mursik inayorudishwa kwa ng'ombe, na darasa lilianguka mara tatu. Mwishoni nikasema, "Na sasa sijui kama iko hai." Hapo hakuna aliyecheka.

Bwana Mosoti aliuliza swali moja. "Nusu ya pili ulikuwa wapi?"

"Nje, mwalimu."

"Nani alikutoa?"

Kuna maswali ambayo mwanafunzi hajibu.

"Kaa," akasema. Kwenye karatasi aliandika: lengo halijafikiwa. Jioni hiyo alinikuta uwanjani, akaniambia nimfuate. Tukaenda kwenye zile safu tano za chai ya shule nyuma ya maabara. Akanifundisha nusu ya pili, mimi peke yangu, yeye amesimama upande mmoja wa shina na mimi upande mwingine. Pafu. Blanketi. Mwezi wa kukata na mwezi wa kutokata. Kukata kipande cha shamba mwaka huu na kipande mwaka ujao, ili nyumba isikose majani. Alieleza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Giza lilipotushika akasema, "Chai ni ngumu kuua, Kipkurui. Lakini umejaribu vizuri." Ni utani pekee niliowahi kumsikia akitoa, nao hakuucheka.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo. Nimevunja kokoto Bomet, nimeuza nguo kuukuu, nimefutwa mara tatu na tajiri mmoja yule yule. Hakuna mahali nimewahi kungoja kitu kama nilivyoingoja mvua ya mwaka huo. Bweni letu lilikuwa la mabati. Kila usiku nilisikiliza mabati. Februari ikaisha kavu. Wiki ya kwanza ya Machi, wakati wa somo la Historia, tone moja likapiga paa, kisha la pili, kisha paa lote likaanza kunguruma na mwalimu akaacha kufundisha kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Wenzangu walishangilia kwa sababu somo limekufa. Mimi nilishika dawati.

Siku tisa baadaye tulifunga kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Nilifika Kimulot alasiri, viatu vimejaa tope, na kabla sijaiona nyumba nikasikia ng'ombe.

Walikuwa kumi, juu ya mteremko, kando ya barabara, wekundu na weupe, wakila nyasi za mtaroni. Baba aliketi kwenye jiwe, fimbo kati ya magoti, na jembe jipya limelala kando yake. Alikuwa ametembea nao siku mbili.

"Amekataa nishuke," baba akaniambia, bila hata salamu. "Anasema ningoje. Nimengoja tangu asubuhi. Nenda uulize."

Mama alikuwa katikati ya shamba, amepiga magoti. Alikuwa akiyainua matawi makavu kwa ncha za vidole, moja moja, kama mtu anayemfunua uso mtoto aliyelala.

"Kuja polepole," akasema bila kugeuka. "Usikanyage kanyage."

Nikapiga magoti kando yake. Kwenye mbao nyeusi, iliyolowa, chini ya blanketi la matawi ya Janeffer, kulikuwa na vijidudu vyekundu. Nikainama zaidi. Havikuwa vidudu. Vilikuwa vichipukizi, vidogo kama chunusi zangu mwenyewe, vingine vimeshafungua jani moja la rangi ya shaba. Shina la pili lilikuwa navyo. La tatu halikuwa na kitu, la nne lilikuwa navyo kumi na mmoja. Mama aliningoja nikivihesabu.

"Safu zote ni hivi?"

"Za juu, karibu zote. Za katikati, iko na iko hakuna." Akaelekeza kidevu mtoni. "Za chini nimeangalia mara mbili."

Tulizitazama za chini. Vigogo vya kijivu, gome limebanduka, mvua imepita juu yake bila kuingia. Mashina themanini na kitu. Aliyabeba kwa kikapu, nami tumboni. Nilitaka kusema neno, mama akanipiga begani kwa mkono wenye tope, si kwa nguvu.

"Rebeccah!" Baba alikuwa amesimama juu, sauti yake imechoka. "Iko kitu?"

Mama aliinama tena. Alimalizia safu yake. Akafunika tena kila shina alilofunua, akanyoosha mgongo, akapangusa magoti. Nadhani alikuwa anakufurahia kule kungoja kwa baba, kidogo tu. Kisha akaniambia:

"Panda umwambie babako. Iliyokufa, ile ya mtoni, inaweza kulisha ng'ombe wawili. Hao wanane warudi Siongiroi."

Nikapanda, nikiteleza kwenye tope, nikiyapanga maneno. Nikamwambia baba yalivyo, bila kuongeza chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashuka hatua kadhaa, akafunua tawi moja, akachungulia chini yake kwa muda. Akalirudisha mahali pake.

Kisha akapanda tena barabarani, akaanza kuwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja, akichagua.